Likizo ya Kusoma Bila Swali

Nianze kwa kukiri. Mwaka wa masomo uliopita nilisoma maelfu ya kurasa, na sikumbuki hata moja niliyoisoma kwa sababu tu niliitaka. Nilisoma tasnifu za wanafunzi, karatasi za majibu ya mitihani, mihtasari ya vikao, na makala niliyoombwa kuyatathmini. Nilipojiuliza ni lini mara ya mwisho kitabu kilininyima usingizi kwa utamu wake, ilinibidi nirudi nyuma miaka mingi, hadi siku nilipokuwa bado mwanafunzi. Mhadhiri wa fasihi asiye na jibu la karibu kwa swali hilo anafanana na mpishi anayeshinda jikoni na kulala njaa.

Kwa hiyo likizo ndefu ilipofika niliamua kwenda nyumbani Mbulu na kusoma kwa raha. Nilitia begini vitabu vinne: *Kusadikika* cha Shaaban Robert, *Kichwamaji* cha Kezilahabi, *Peponi*, yaani tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, na kile kitabu kinene cha Aniceti Kitereza, *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka*. Nilijiwekea sharti moja tu, nalo ni kutobeba kalamu. Mwalimu akiwa na kalamu mkononi hasomi, bali anasahihisha.

Basi liliniteremsha Babati. Nikapanda gari dogo lililopitia Dareda, likaparamia ukingo wa Bonde la Ufa kwa kona zile ambazo abiria hunyamaza wote kwa pamoja, likafika juu Dongobesh jioni ukungu ukishuka. Wanaotujua kwa kupita njia ya Arusha hudhani Manyara yote ni nyika na twiga. Huku juu kwetu mwezi Agosti mtu hulala na blanketi mbili, na asubuhi majani ya mahindi yaliyokauka shambani huwa yamelowa kana kwamba mvua ilinyesha usiku.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Amestaafu zaidi ya miaka 20 iliyopita, lakini kijijini hakuna anayemwita kwa jina. Ni Mwalimu, na mimi niliyefika chuo kikuu ni mtoto wa Mwalimu. Ana sanduku la bati lililojaa vitabu vya miaka ya 1960 na 1970, karatasi zake zimegeuka rangi ya chai. Siku hizi hawezi kuvisoma, kwa sababu mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili na bado anangoja tarehe ya upasuaji. Hata hivyo sanduku hulifungua. Hukitoa kitabu, hukinusa, hukipapasa mgongo, kisha hutaja jina lake, na mara nyingi hakosei.

Jioni ya pili nilikaa karibu na meko, nikafungua kitabu cha Kitereza chini ya mwanga wa taa ya sola. Binti wa kaka yangu, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya kata, aliniangalia kwa muda. Kisha akauliza kwa adabu, kama mtu anayesaidia:

"Baba mdogo, dhamira zake ni zipi?"

Mkono wangu ulikwenda mfukoni kutafuta kalamu, nami nusura nianze kutaja: ndoa, utasa, nafasi ya mwanamke katika jamii, umuhimu wa mila. Nikajizuia. Nikamwambia kwamba sisomi kwa ajili ya dhamira, nasoma hadithi. Akacheka. Kwake jibu hilo lilikuwa kama la mtu anayesema anakwenda sokoni kutazama mizani.

Nilimwomba anieleze vitabu wanavyosoma shuleni. Alivieleza vizuri mno. Alinitajia *Takadini* na *Watoto wa Mama N'tilie*, dhamira zake, migogoro yake, ujumbe wake, falsafa ya mwandishi, kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi, kila kimoja kwa hoja zilizopangwa kama matofali. Nikamuuliza ni sehemu gani ya *Takadini* iliyomgusa. Akanyamaza. Kitabu chenyewe hakuwa amekishika. Darasani mwao nakala ni chache, na wanachosoma ni desa, uchambuzi uliopigwa chapa na kudurufiwa, unaopita kutoka kidato hadi kidato. Desa lina kila kitu isipokuwa hadithi.

Nilikuwa naandaa hotuba yangu juu ya jambo hilo pale alipouliza swali la pili, tena mbele ya babu yake.

"Na hicho cha kwako, baba mdogo, ulikimaliza lini mara ya kwanza?"

"Zamani," nikasema.

Huo ulikuwa uongo. Kitabu cha Kitereza nimekifundisha kwa miaka minane. Nimetunga maswali juu yake, nimesahihisha majibu yake, nimemkata mwanafunzi alama kwa kuchanganya majina ya wahusika. Nilichokuwa nimekisoma ni sura za mwanzo, kisha tahakiki tatu nzuri za wataalamu wengine. Mimi nami nina madesa yangu. Tofauti ni kwamba ya kwangu yana tanbihi.

Kesho yake asubuhi, tukiwa njiani kutoka kununua maziwa, nilimweleza Baba ukweli. Nilitarajia mahubiri, maana walimu wa kizazi chake hawakuwa wachache wa maneno. Alitembea hatua kadhaa akiipapasa njia kwa fimbo, kisha akasema, "Basi jioni tuanze ukurasa wa kwanza. Mimi nami sikukimaliza. Nilikiazima kwa rafiki, akahamishwa kituo."

Hivyo ndivyo likizo yangu ya kusoma kimya ilivyogeuka kuwa likizo ya kusoma kwa sauti. Kila jioni baada ya makande nilisoma kwa saa nzima, wakati mwingine mbili. Hadithi yenyewe ni rahisi kuisimulia: mume na mke wa Ukerewe wanapendana lakini hawajapata mtoto, maneno ya ndugu wa mume yanakuwa makali, wazazi wa mke wanamchukua binti yao, na mume inambidi aende ukweni kumwomba arudi, na pombe ya ndizi ni sehemu ya gharama ya radhi hiyo. Kitereza hana haraka. Anaeleza namna salamu zinavyotolewa, namna mgeni anavyokaribishwa, namna pombe inavyotengenezwa tangu ndizi zikiwa mbichi. Katika uchambuzi wetu vyuoni jambo hilo huitwa udhaifu wa muundo. Kwenye meko letu lilikuwa ndilo tamu kuliko yote.

"Sisi hatuna migomba kama yao," Baba alisema, "lakini pombe ya kuombea radhi tunaijua." Jirani aliyekuja kuomba moto alikaa. Kesho yake alirudi na mkewe, bila kisingizio cha moto. Walipofika mahali pa ukweni walianza kubishana kama mkwe yule alikuwa na haki au alijivuna tu, na niliposita kidogo walinihimiza niendelee. Kwa Wairaqw kuna slufay, maombi marefu ya kishairi ambayo mzee huyatamka na waliokusanyika huitikia kwa pamoja. Sikusudii kusema kwamba riwaya ni sala. Nasema tu kwamba watu wa kwetu hawakuwahi kufundishwa kusikiliza maneno mazuri kwa ukimya wa chumba cha mtihani.

Na binti yetu? Kwa siku tatu alikaa pembeni na daftari lake la hesabu. Siku ya nne nilifunga kitabu mahali ambapo Myombekere bado hajajua hatima yake, na sauti ikatoka gizani: "Halafu?"

Katika miaka yangu yote ya kufundisha sikumbuki mwanafunzi aliyewahi kuniuliza swali hilo darasani. Huniuliza ni hoja ngapi zinatakiwa. Ajabu ni kwamba mwisho wa kisa hiki haukuwa siri. Jina refu la kitabu lililo ndani linawataja Ntulanalwo na Bulihwali, watoto waliokuja kuzaliwa. Binti alikwisha kuliona. Hakuwa anataka jibu. Alitaka kufika huko kwa miguu yake mwenyewe.

Tufikirie anakotoka mtoto huyu. Nyumbani kwetu alizaliwa katika Kiiraqw. Wilaya za Mbulu na Hanang ziko katika pembe adimu ya Afrika, ambapo lugha za Kikushi, za Kinailoti, za Kibantu, na lugha ya Wahadzabe yenye vidoko zimeishi jirani kwa muda mrefu. Alipofika darasa la kwanza alijifunza kusoma kwa Kiswahili, lugha ambayo hakuwa anaota nayo. Alipofika kidato cha kwanza masomo yakageuka Kiingereza. Kila mara alipoanza kuizoea nyumba alihamishwa. Mtoto wa namna hiyo, kama hajawahi kukutana na kitabu kinachomfanya aulize "Halafu?", ataamini maisha yake yote kwamba kusoma ni kuvuka mpaka na kuonyesha hati.

Baba hakukubaliana nami kirahisi. Siku moja nilimwambia kwamba kosa letu lilianza zamani, pale tulipofanya kusoma kuwe kwa manufaa tu. Nilikuwa namchokoza, maana naye alikuwa mmoja wa wale walimu wa Kisomo chenye Manufaa. Mwalimu Nyerere aliutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na katika miaka iliyofuata Baba alifundisha watoto asubuhi na wazazi wao alasiri, chini ya mti, kwa vitabu vilivyoeleza kilimo bora cha mahindi na usafi wa maji.

"Wewe unasema raha," alinijibu. "Sisi tuliwafundisha watu kusoma ili wasidhulumiwe kwenye mizani. Mama aliyekuwa anasaini kwa kidole gumba akaanza kuandika jina lake. Hiyo kwako si raha?"

Sikuwa na la kusema. Nchi ambayo mwaka 1967 karibu theluthi mbili ya watu wazima wake hawakujua kusoma haikuwa na anasa ya kuanza na riwaya. Lakini niliona kwamba hata yeye, baada ya kusema hayo, aliuliza jioni ile saa ya kusoma ni saa ngapi.

Mwandishi tuliyekuwa tunamsoma alijua zaidi yetu sote maana ya kuandika pasipo faida. Kitereza alizaliwa Ukerewe mwaka 1896, akakamilisha riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, wala hakupata wa kuichapisha katika lugha hiyo. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House ilikitoa kitabu mwaka 1980, na mwandishi alifariki mwaka uliofuata, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 80. Hakuna mtihani uliomtuma. Aliandika kwa sababu alitaka mambo yale yasemwe, na yasemwe vizuri.

Wiki ya tatu ilinibidi niende Katesh, wilayani Hanang, kumtembelea mwalimu niliyesoma naye sekondari. Nilipita Haydom, kisha Basotu. Njiani nilifungua *Kusadikika*, kitabu kilichotoka 1951, ambacho nacho nilikuwa nimezoea kukitumia badala ya kukisoma. Ni nchi inayoelea hewani. Karama anashtakiwa barazani kwa kosa la kufundisha sheria, naye anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe waliotumwa pande sita za dunia, wakarudi na mawazo mema, wakalipwa kifungo. Nilikuwa nacheka peke yangu kwa namna mshtaki Majivuno anavyojaa jina lake, hadi abiria mwenzangu akaniuliza kama ni kitabu cha vichekesho.

Nilipoinua macho tulikuwa kwenye tambarare ya Basotu, na Mlima Hanang umesimama mbele yetu peke yake. Hapa ndipo, kuanzia karibu 1970, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, lilipofungua mashamba ya ngano kwa msaada wa Kanada, yakafikia karibu ekari 100,000 katika malisho ya Wabarbaig. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu ikawapa ushindi, lakini katikati ya miaka ya 1980 Mahakama ya Rufani ikautengua, ikisema hawakuwa wamethibitisha haki yao juu ya ardhi ile. Hukumu hiyo husomwa hadi leo na wanafunzi wa sheria. Iliandikwa kwa Kiingereza.

Nilikifunga kitabu. Nilikuwa nimeifahamu kesi ya Mulbadaw kwa miaka mingi, na *Kusadikika* kwa miaka mingi zaidi, wala sikuwahi kuviweka pamoja, kwa kuwa kimoja kilikuwa katika faili la historia ya ardhi na kingine katika faili la fasihi. Ilihitaji safari isiyo na kalamu nione kwamba Karama, anayetaka watu waijue sheria kabla sheria haijawakuta, angekuwa na wanafunzi wengi hapa. Hapo nilimwelewa pia Baba na mizani yake. Manufaa na raha si maadui. Mtu aliyezoea kusoma kwa hiari yake haoni karatasi kuwa kitu cha wenye mamlaka pekee. Akiletewa hati ataiuliza, kama anavyoiuliza hadithi: nani anasema, kwa nini anasema hivyo, halafu itakuwaje?

Katesh ina jeraha lake. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang, vikapita katikati ya mji na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Mwenzangu alisalimika na wanawe, lakini nyumba aliyokuwa amepanga iliondoka na kila kilichokuwamo. Alinisimulia habari za msaada uliokuja, wa unga, magodoro, nguo na madaftari, naye aliutaja wote kwa shukrani. Kisha akaniambia jambo alilosema hajawahi kumwambia mtu, kwa kuogopa kuonekana hana akili. Kitu alichokitamani katika majuma yale, usiku watoto walipokuwa wanashtuka kila mvua inapogonga bati, ni kitabu kimoja cha hadithi ambacho kilikuwa kitandani mwake siku ile. "Sikikumbuki hata mwandishi," alisema. "Nilikuwa nimefika katikati. Nilitaka kuwa mahali pengine kwa nusu saa."

Nilimwachia *Peponi*. Aliuliza kama ana muda gani wa kukirudisha. Nikamwambia hana muda.

Ndugu walimu wenzangu, sina mpango wa taifa wa kuwapa. Najua shule zetu hazina vitabu vya kutosha. Najua mwalimu wa kidato cha tatu mwenye mikondo minne hana saa ya kukaa na riwaya, na najua anapimwa kwa ufaulu, si kwa idadi ya watoto waliouliza "Halafu?". Lakini mimi ndiye ninayemfundisha mwalimu huyo kabla hajaenda kwa binti yetu. Kama amefika kwake na desa, alilitoa kwangu. Kwa hiyo nimeamua jambo dogo lililo ndani ya uwezo wangu. Muhula ujao, katika kozi yangu, kutakuwa na kitabu kimoja kisicho na swali. Nitakuwa nakisoma kwa sauti dakika 20 za mwisho wa kila kipindi, na hakitatokea katika mtihani. Huenda nusu ya darasa itaondoka. Nitawasomea watakaobaki.

Likizo iliisha kabla kitabu hakijaisha. Tulikuwa tumevuka katikati kidogo, na nilipokuwa nafunga begi Baba aliuliza, kwa sauti ya mtu asiyetaka kuonekana anaomba, kama nitaondoka nacho. Nilitazama alama ya jani la mkaratusi ambayo binti alikuwa ameiweka kati ya kurasa. Nikakitoa begini.

Sasa anasoma yeye, kila jioni akimaliza kazi za shule. Nimeambiwa wasikilizaji wameongezeka, na kwamba Baba humsahihisha matamshi bila kuona ukurasa. Nakala nyingine ya kitabu ipo katika maktaba ya chuo, hatua 200 kutoka ofisini kwangu, wala sijaenda kuiazima. Jumapili jioni simu inalia, naye hunieleza walipofika. Hunieleza polepole, kwa makusudi, na akifika mahali patamu husema salio linakaribia kwisha.

"Halafu?" mimi humuuliza.

"Jumapili, baba mdogo," husema, na kukata.